Bankside au Battersea: jengo lipi ukalione ukiwa na siku moja London

Wageni wanaopita London kutoka nyumbani huniuliza swali lile lile: twende Tate Modern au twende Battersea Power Station? Ni swali la haki kabisa. Majengo yote mawili yako ukingo wa kusini wa mto Thames, yote mawili yalikuwa vituo vya kufua umeme, yote mawili ni ya matofali. Hata sura ya nje ilitoka mikononi mwa msanifu mmoja, Giles Gilbert Scott, ambaye ndiye pia aliyebuni kile kibanda chekundu cha simu ambacho kila mtalii hupiga nacho picha. Mwenye haraka anaweza kudhani ukishaliona moja umemaliza. Ukiingia ndani ndipo unapoona kuwa yamepewa maisha mawili tofauti kabisa. La Bankside lilikabidhiwa umma likawa makumbusho ya sanaa, ndiyo hiyo Tate Modern. La Battersea likawa maduka, ofisi na fleti za kuuzwa.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa mwenye nusu siku tu, namwelekeza Bankside bila kusita. Lakini wapo watu ambao ningewapeleka Battersea kwanza, na sababu zao ni za msingi, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujakata tiketi.

Yalikotoka

Battersea ndilo lililotangulia. Ujenzi wa Kituo A ulianza 1929, na umeme ukaanza kutoka 1933. Wakati huo lilikuwa na dohani mbili tu. Kituo B, kilichojengwa ubavuni mwake kwa sura ile ile, kilikamilika 1955, na hapo ndipo zikatimia dohani nne zinazojulikana dunia nzima. Makaa ya mawe yaliletwa kwa meli mpaka kwenye gati la kituo, yakapandishwa kwa kreni. Enzi za kilele chake kituo hiki kilitoa karibu sehemu moja ya tano ya umeme wa London. Joto lililobaki halikuachwa lipotee: maji ya moto yalipitishwa kwenye bomba chini ya mto hadi mtaa wa Churchill Gardens, Pimlico, ng'ambo ya pili, yakapasha joto nyumba za watu wa kawaida. Mnara wa kutunzia maji hayo, wenye kuta za vioo, bado umesimama Pimlico. Napenda kuwaonyesha wageni mnara huo, kwa sababu unakumbusha kwamba kiwanda hakiishii kwenye ukuta wake. Kina mabomba na watu wanaokitegemea mbali na lango lake.

Kulikuwa na upinzani. Watu walihofu kwamba moshi wa Battersea ungeharibu bustani na majengo ya jirani, hata picha za kuchora zilizokuwa katika jumba la sanaa la Tate la zamani pale Millbank, upande wa pili wa mto. Wahandisi walilazimika kuweka mitambo ya kuosha moshi kabla haujatoka. Miaka sabini hivi baadaye, picha za Tate hiyo hiyo zikahamia ndani ya kituo kingine cha umeme cha Scott.

Kituo hicho ni Bankside. Kilijengwa kwa awamu mbili, kati ya 1947 na 1963, mahali ambapo pangezua ugomvi popote duniani: uso kwa uso na kanisa kuu la St Paul's. Ndiyo maana lina dohani moja tu, katikati, yenye urefu wa mita 99, ili isilipite kuba la kanisa lenye mita 111. Na ili kusiwe na milima ya makaa na vumbi lake katikati ya jiji, kikachoma mafuta, yaliyohifadhiwa katika matangi makubwa matatu chini ya ardhi. Uamuzi huo ndio ulioliua. Bei ya mafuta ilipopaa miaka ya 1970, umeme wa Bankside ukawa ghali mno, na 1981 kikafungwa. Battersea nayo ilikuwa inazimika kidogo kidogo: Kituo A kilifungwa 1975, Kituo B 1983.

Miaka ya kukaa tupu

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, na ndicho kinachoeleza kila utakachokiona ukifika.

Battersea lilikuwa na ulinzi wa sheria. Liliingizwa katika orodha ya majengo ya urithi 1980, kabla hata mashine za mwisho hazijazimwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulibomoa. Kisha akaja mwekezaji, John Broome, aliyetaka kuligeuza bustani kubwa ya michezo na bembea za umeme. Kazi ilianza 1987. Paa likang'olewa ili mitambo itolewe kwa juu, na ukuta wa magharibi ukabomolewa. Gharama zikapanda, fedha zikakata, na 1989 kazi ikasimama. Jengo likabaki wazi, mvua inanyea chuma cha kiunzi, maji yanajaa msingi. Likauzwa kwa kampuni ya Hong Kong, likauzwa tena kwa kampuni ya Ireland kwa pauni milioni 400 mwaka 2006, kampuni hiyo ikaelemewa na madeni, na 2012 likaangukia kwa muungano wa makampuni ya Malaysia. Kila mmiliki alikuja na michoro yake mipya. Milango ilifunguliwa kwa umma Oktoba 2022, karibu miaka arobaini tangu moto wa mwisho uzimwe.

Bankside halikuwa na ulinzi wowote. Ombi la kuliingiza kwenye orodha ya urithi lilikataliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa hatarini kubomolewa. Kilicholiokoa ni kupata mtu aliyekuwa na kazi ya kulipatia. Tate ilikuwa inatafuta nafasi ya sanaa ya kisasa, na 1994 ikatangaza kwamba imelichagua. Mwaka uliofuata wakachaguliwa wasanifu wa Uswisi, Herzog & de Meuron. Mwezi Mei 2000 Malkia Elizabeth alilifungua. Gharama ilikuwa pauni milioni 134, na kati ya hizo milioni 50 zilitoka kwenye fedha za bahati nasibu ya taifa. Mwaka wa kwanza watu zaidi ya milioni tano waliingia.

Tazama basi: lililolindwa na sheria liliharibika, lisilolindwa likapona. Sheria ilizuia nyundo, lakini haikuweza kuezeka paa. Nalisema hili nikiwafikiria wenzetu wanaopita kila siku mbele ya magodauni yaliyofungwa. Nairobi wana mfano wao mzuri, GoDown, kituo cha sanaa kilichoanza 2003 ndani ya godauni la Industrial Area kwa sababu wasanii walihitaji mahali pa kufanyia kazi na mahali palikuwepo. Na Dar es Salaam, viwanja vya Tanganyika Packers pale Kawe, ambako zamani palisindikwa nyama ya kopo, vimekuwa uwanja wa mikutano ya injili. Watu huanza kulitumia eneo muda mrefu kabla wapangaji wa jiji hawajakubaliana.

Ndani ya Bankside

Ukienda, usiingie kwa mlango wa upande wa mto ingawa ndio unaovuta macho. Zunguka uingie kwa mlango wa magharibi. Hapo sakafu inateremka taratibu, nawe unashuka nayo, na ghafla juu yako kuna uwazi wa mita 35 na mbele yako ukumbi wa mita 152. Huu ndio Ukumbi wa Mitambo, mahali palipokuwa na mashine za kufua umeme. Wasanifu walitoa mashine wakaacha nafasi. Nguzo za chuma zimebaki zinapanda ukutani, reli za kreni ziko juu, na hakuna kaunta ya tiketi inayokuzuia. Watoto hukimbia. Watu hulala sakafuni wakitazama juu. Sijui jengo lingine la London ambalo humpa mtu wa kawaida nafasi kubwa kiasi hicho bila kumdai chochote.

Kila mwaka msanii mmoja hukabidhiwa ukumbi huo aufanyie kazi, na hapa ndipo jengo na matumizi yake mapya vinaposhikana. Mwaka 2007 Doris Salcedo wa Kolombia aliipasua sakafu ufa wa mita 167 kuzungumzia wale wanaotengwa, wahamiaji wakiwemo. Maonyesho yalipokwisha ufa ulizibwa, lakini ukiinama utaona kovu lake la saruji likikatiza sakafu, rangi tofauti kidogo na sehemu nyingine. Lifuate kwa miguu. Mwaka 2010 Ai Weiwei alimwaga sakafuni mbegu milioni 100 za alizeti zilizotengenezwa kwa kauri, kila moja kwa mkono. Oktoba 2023 El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Nigeria kwa miaka mingi, alitundika mapazia makubwa yaliyoshonwa kwa vizibo vya chupa za pombe, akisimulia biashara ya watumwa na sukari. Mapazia yale yasingetundikika katika makumbusho ya kawaida, kwa sababu yalihitaji urefu uliojengwa kwa ajili ya mitambo.

Kwa Waswahili kuna sababu ya karibu zaidi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kulelewa Uingereza, mshindi wa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, ya 2017, alipewa maonyesho makubwa katika kumbi za jengo hili kuanzia Novemba 2021. Kumwona mzaliwa wa Unguja akitandaza rangi zake ndani ya ngome ya umeme ya Waingereza ni jambo ambalo wengi wetu tuliosafiri kwenda kuliona hatutalisahau.

Shuka pia kwenye matangi. Yale matatu ya mafuta yaliyochimbiwa ardhini yalifunguliwa 2012 yakawa mahali pa maonyesho ya mwili, sauti na filamu. Ni ya mviringo, ya zege tupu, yenye giza. Hakuna aliyejaribu kuyapamba, na ninashukuru. Na kitu kingine ambacho wageni wengi hawakijui: sehemu ya jengo bado ni ya umeme. Transfoma zinaendelea na kazi upande wa kusini, na saa za utulivu utasikia mvumo wake.

Kasoro zipo. Ukiacha ukumbi mkuu ukapanda kwenye vyumba vya picha, utakuta kuta nyeupe ambazo zingeweza kuwa popote, na jengo la zamani linapotea machoni. Wikendi msongamano unachosha. Na kuhusu mandhari, jengo jipya la ghorofa kumi lililoongezwa nyuma 2016 lilileta kesi maarufu: roshani yake ilitazama moja kwa moja ndani ya fleti za vioo za jirani, na Februari 2023 Mahakama ya Juu iliwapa haki wenye fleti. Kwa hiyo usipange safari kwa sababu ya roshani. Panda ghorofa za juu za upande wa mto, utaiona St Paul's vizuri. Upande huo unaitwa jengo la Natalie Bell, mwanaharakati wa mtaa ule aliyeheshimiwa kwa kazi yake na majirani. Jengo jipya lina jina la bilionea aliyelichangia fedha.

Ndani ya Battersea

Kwa nje, Battersea linashinda bila ubishi. Hakuna picha inayokuandaa kwa ukubwa wa matofali yale, takriban milioni sita, yalivyopandishwa kwa mistari na ngazi mpaka kwenye mabega ya dohani. Bankside ni pana na limenyamaza, kwa kuwa liliamriwa lisishindane na kanisa. Battersea halikuamriwa hivyo.

Lakini ujue unachokitazama. Dohani zote nne ni mpya. Za zamani zilikuwa zimechakaa kiasi cha kutotengenezeka, zikavunjwa na kujengwa upya kati ya 2014 na 2017, kwa vipimo vile vile na rangi ile ile. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni uigaji. Mimi sioni tatizo. Heri nakala iliyosimama kuliko asili iliyolala chini.

Ndani kuna kumbi mbili za mitambo, na tofauti yao ni somo zuri kwa mwenye jicho la ujenzi. Ukumbi A wa miaka ya 1930 una nguzo zilizovishwa vigae vya rangi ya maziwa, nakshi za mistari iliyonyooka na ufahari kama wa hoteli. Ukumbi B, uliomalizika baada ya vita, ni mkavu, chuma na zege, kwa sababu nchi ilikuwa haina fedha ya mapambo. Mafundi wa wasanifu WilkinsonEyre waliihifadhi tofauti hiyo, na wanastahili pongezi. Ukitembea kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine unaisoma historia ya Uingereza ukutani bila mwongozaji. Chumba cha kuongozea mitambo cha Kituo B, chenye meza zake za chuma, mishale na vitufe, sasa ni baa. Ingia hata kama huna kiu ya kitu kingine zaidi ya soda, utazame zile saa za vipimo kwa karibu. Chumba cha Kituo A, chenye kuta za marumaru, kinakodishwa kwa shughuli maalumu.

Kasoro kubwa ya Battersea ni kwamba uwazi wake umejazwa. Ghorofa za maduka zimepangwa pande za kumbi, na maduka yenyewe ni yale yale ya London yote na Dubai yote. Juu ya ukumbi wa tanuri kuna ofisi za Apple, ambazo huwezi kuingia. Juu zaidi kuna fleti. Utakachopata bila kulipa ni korido. Ipo lifti ya vioo, Lift 109, inayopanda ndani ya dohani na kuchomoza juu mita 109. Wanaoipenda wanaipenda sana, lakini ina kiingilio, nawe unakaa juu dakika chache tu.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya maduka. Mradi mzima wa eneo hili, wenye thamani ya takriban pauni bilioni 9, uliahidi nyumba 636 za bei nafuu. Mwaka 2017 halmashauri ilikubali zipunguzwe hadi 386. Kituo kilichowapasha joto watu wa Pimlico kilistahili kuwaachia watu wa kawaida zaidi ya hapo.

Nani aende wapi

Ukija na watoto wadogo, nenda Bankside. Hawatavunja kitu, hawatakudai kitu, na wataelewa ukumbi kabla yako. Ukiwa na kijana wa umri wa sekondari anayependa uhandisi, nitakwambia Battersea, kwa sababu pale mitambo ya kuongozea umeme imebaki kwa macho, na dohani zitamfanya aulize maswali. Mzee asiyeweza kutembea sana atastarehe zaidi Battersea, maana sakafu ni tambarare, viti na vyakula viko kila kona, na kituo cha treni kiko karibu. Bustani ya Battersea iko jirani, na ndani yake kuna pagoda ya amani iliyojengwa 1985, pazuri pa kupumzika.

Mpiga picha akitaka jengo lenyewe, Battersea, jua likiwa linashuka, akiwa amesimama ng'ambo ya mto karibu na Chelsea Bridge. Akitaka watu ndani ya jengo, Bankside, katikati ya asubuhi ya siku ya kazi. Mwenye bajeti finyu asijisumbue kufikiri: Tate ni bure, isipokuwa maonyesho maalumu. Mwanafunzi wa usanifu aende kote kuwili, na aanze Battersea, ili akifika Bankside aone thamani ya kuacha nafasi wazi.

Kwa msomaji aliye Afrika ambaye London iko mbali, Cape Town kuna makumbusho ya sanaa ya Zeitz MOCAA, yaliyofunguliwa Septemba 2017 ndani ya maghala ya nafaka ya bandarini ya miaka ya 1920. Wasanifu walikata tundu kubwa katikati ya mapipa ya zege, na ukisimama chini unaona mapipa yaliyokatwa yakiwa wazi juu yako. Kwa upande wa kulitazama jengo la kazi likiwa limefunguliwa tumbo, linalingana na Bankside.

Ukiamua kuyaona yote mawili

Inawezekana kwa siku moja. Fika Tate saa nne asubuhi, milango inapofunguliwa, kabla makundi hayajajaa. Kaa mpaka mchana. Kisha nenda gati la Bankside upande boti za abiria zinazopanda mto kuelekea magharibi. Kadi ya benki ile ile unayopandia treni inakubalika. Angalia ratiba kwanza, kwa kuwa si kila boti inafika Battersea. Utapita Bunge upande wa kulia, na muda mfupi baadaye dohani zitatokea kushoto. Boti zikiwa hazipo, panda treni ya Jubilee kutoka Southwark kituo kimoja hadi Waterloo, ubadilishe Northern hadi mwisho wa tawi, Battersea Power Station. Tawi hilo lilifunguliwa Septemba 2021. Ukitaka kupanda lifti ya dohani, nunua tiketi ya jioni mtandaoni mapema, hasa wakati wa likizo za shule.